Milima ya Moto Iliyo Mbali Kuliko Nyiragongo

Mgeni aingiaye Goma kwa mara ya kwanza hushangazwa na weusi wa ardhi yake. Njia ni nyeusi, kuta za nyua ni nyeusi, na vumbi la kiangazi lishikalo mashuka yaliyoanikwa nalo ni jeusi. Watu wamejenga nyumba zao juu ya mawe yaliyotoka katika tumbo la mlima Nyiragongo, na mawe yale yale wameyavunja kwa nyundo na kuyapanga kuwa kuta. Juu yake hupita chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili, likitetemeka na mizigo yake ya makaa na viazi tangu asubuhi hata jioni.

Wenyeji huhesabu miaka kwa mlima wao. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu zake zilipasuka, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiotimia saa moja, likateremka mbio kama gari. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto ulipita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ukaingia Ziwa Kivu huku maji yakitoa mvuke mzito. Na jioni ya Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 moto ulishuka tena, ukaunguza vijiji, ukaja kusimama ukingoni mwa mji. Siku tano baadaye iliamriwa sehemu kubwa ya Goma ihamwe. Ndipo watu kwa malaki waliposhika njia ya Sake na ya Gisenyi, wengine wakapanda mashua kwenda Bukavu, magodoro vichwani na watoto mgongoni.

Katika msafara wa namna hiyo mtoto mmoja wa shule alimwuliza mama yake: “Mama, hakuna nchi isiyo na mlima wa moto, tukakae huko?” Mama, aliyekuwa na sufuria mkono mmoja na mtoto mchanga mkono wa pili, akamjibu: “Tembea, mwanangu. Tutaulizia tukifika.”

Basi leo, wasomaji wapenzi, na tuulizie kwa niaba ya mtoto yule. Tusiulizie Bukavu wala Kisangani. Tutoke nje ya dunia kabisa, tupite mwezini na kwenye sayari, tuone ni wapi moto umezimika, ni wapi unawaka, na wakaaji wangekuwa na hali gani huko.

Kabla ya kuondoka, neno moja la kutuongoza. Kila dunia iliyoumbika kwa mawe ilizaliwa ikiwa ya moto mkali, nayo hupoa pole pole tangu siku ile. Mama apikaye ugali anajua kanuni yake: tonge lililowekwa kando hupoa upesi, lakini ugali uliobaki sufuriani, ukiwa mwingi, hukaa na moto wake muda mrefu. Vivyo hivyo ulimwengu mdogo hupoa mapema, na mkubwa hukawia. Mlima wa moto ni mahali tu ambapo joto la ndani limepata njia ya kutokea. Tukumbuke kanuni hii ya ugali, kwa sababu mbele ya safari tutakuta ulimwengu mmoja unaoikataa.

Kituo cha kwanza ni mwezi wetu. Yale madoa meusi ambayo kila kabila limeyatungia hadithi, wengine wakiona sungura, wengine mwanamke na mzigo wake, ni mabonde makubwa yaliyojaa lava iliyoganda, jamaa ya mbali ya mawe ya Goma. Mwezi Desemba 1972 Harrison Schmitt, mjuzi wa mawe aliyesafiri katika chombo Apollo 17, aliona mbele ya miguu yake udongo wa rangi ya chungwa. Ulipochunguzwa ukaonekana kuwa ni chembe za kioo, ndogo kuliko punje za ulezi, matone ya chemchemi ya moto iliyoruka juu zaidi ya miaka milioni 3,500 iliyopita. Mawe machanga zaidi yaliletwa na chombo cha Wachina, Chang'e 5, katika Desemba 2020: yana umri wa miaka milioni 2,000 hivi. Mwezi ni tonge dogo, nao umepoa. Mtoto wa Goma angelala huko bila hofu ya lava, lakini asingepata pumzi hata moja ya kuvuta.

Twende mbele hadi Mirihi, ile nyota nyekundu. Hapa kuna mlima ambao ni vigumu kuueleza kwa mtu aliyezoea milima ya kwetu. Novemba 1971 chombo cha Wamarekani, Mariner 9, kilifika na kuanza kuizunguka sayari hiyo. Kumbe kilikuwa kimefika wakati mbaya: tufani ya vumbi ilikuwa imeifunika Mirihi yote, na picha zilionyesha ukungu mtupu. Katika ukungu ule zilionekana nukta nne tu nyeusi. Wataalamu wakangoja. Vumbi lilipoanza kutulia, nukta zile zikawa vilele vya milima minne mirefu kiasi cha kupita tufani yenyewe, na juu ya kila kilele palikuwa na tundu kubwa la moto wa kale.

Mkubwa kuliko yote huitwa Olympus Mons. Kimo chake ni karibu kilomita 22. Nyiragongo ina mita 3,470. Ungehitaji kupanga Nyiragongo sita, moja juu ya nyingine, na bado kilele kile kingezipita. Upana wake ni kilomita 600 hivi, kama mtu angetoka Goma na kwenda moja kwa moja angani mpaka Moba, kule kusini kwenye ufuko wa Tanganyika. Mahali pengine ukingo wake ni genge la kilomita 8. Lakini akishalipita genge, msafiri asingejua kwamba yuko mlimani, maana mteremko ni wa taratibu sana, na kilele kimejificha nyuma ya upeo wa macho. Angetembea siku nyingi akidhani anavuka uwanda.

Kwa nini mlima mkubwa hivyo katika sayari ambayo upana wake ni nusu tu ya upana wa dunia yetu? Chukua jani la mgomba, ulivute pole pole juu ya mwali wa mshumaa: litaungua matundu yaliyofuatana kwa safu. Sasa chukua jani la pili, ulitulize pale pale: litaungua tundu moja, nalo litakuwa kubwa. Gamba la dunia yetu hutembea, ingawa kwa mwendo wa ukucha unavyokua, na kwa hiyo moto wa chini hutoboa mahali papya kila baada ya muda. Visiwa vya Hawaii vimepangwa kwa safu kwa sababu hiyo. Gamba la Mirihi halikutembea namna hiyo. Moto ulipanda mahali pamoja kwa mamilioni mengi ya miaka, lava juu ya lava. Tena uzito wa vitu kule ni mdogo. Gunia la maharagwe la kilo 100 ungeliinua kama lina kilo 38, na mlima nao huweza kusimama mrefu zaidi bila kudidimia.

Lakini moto ule ulipungua. Mirihi ilipopoa ndani, ngao yake ya sumaku, ile inayoikinga sayari na upepo wa jua, ilizimika pia, na hewa yake ikavuja angani kidogo kidogo. Tangu mwaka 2014 chombo MAVEN kilikuwa kikipima jinsi hewa hiyo inavyotoroka. Leo mtu aweza kuona picha za mikondo ya mito ya zamani, mikavu kama mifupa, kwenye sayari ambayo maji yalipita na hayapiti tena. Wengine husema Mirihi imekufa. Mimi ningesita kidogo: mtambo InSight, uliokaa huko toka 2018 hadi 2022 ukisikiliza matetemeko, ulisikia mengi yakitoka sehemu moja yenye nyufa iitwayo Cerberus Fossae, na katika sehemu hiyo kuna lava ambayo kwa hesabu ya mawe ni changa. Labda kuna kaa moja chini ya majivu.

Hivyo kwa swali la mtoto tumepata jibu la kwanza, nalo si la kufurahisha. Tulikokuta moto umezimika au umefifia, hatukukuta mto, wala bustani, wala pumzi. Sehemu kubwa ya hewa ya kwanza ya dunia yetu, na mvuke uliogeuka kuwa bahari, vilitoka ardhini kwa midomo ya milima ya moto. Mkulima wa Rutshuru avunaye maharagwe katika udongo wa majivu analijua jambo hilo kwa jembe lake.

Je, palipo na moto mwingi ni heri zaidi? Tuelekee Zuhura, ile nyota ing'aayo alfajiri au jioni kuliko nyota zote. Kwa ukubwa inakaribia kuwa pacha wa dunia yetu: upana wake ni kilomita 12,100 hivi. Kwa uzuri wa mbali hakuna ishindayo. Kwa ukaribu ni tanuru. Joto la ardhi yake ni nyuzi 465 hivi, na risasi ingeyeyuka pale kama siagi. Hewa yake hulemea kama maji yangemlemea mtu aliyezama mita 900 katika Tanganyika. Mwaka 1982 chombo cha Warusi, Venera 13, kilituma picha za mawe yaliyolala kama vigae, kikafanya kazi kwa dakika 127, kisha kikanyamaza.

Nayo hewa hiyo ni hewa gani? Watu wa Goma na Sake wanaifahamu kuliko wanafunzi wa miji mingine. Katika vishimo vya kando ya mji hutoka ardhini hewa nzito isiyoonekana, wanayoiita mazuku. Mbuzi akishuka shimoni asubuhi isiyo na upepo, hapandi tena. Wazazi huwaonya watoto mapema wasichezee mahali hapo. Gesi ile, ambayo shuleni huitwa kaboni dayoksidi, ndiyo sehemu 96 katika kila sehemu 100 za hewa ya Zuhura. Sayari nzima ni mazuku, toka upeo hadi upeo. Milima ya moto iliitoa, nayo haikupata mahali pa kwenda. Kwetu sisi mvua huiosha kutoka hewani, mito huipeleka baharini, na humo baharini hugeuka kuwa mawe ya chokaa. Zuhura haina bahari. Kila kilichopumuliwa na milima yake kimebaki juu, kimeifunika kama blanketi, na joto la jua likiingia halitoki.

Kwa sababu ya mawingu, milima ya Zuhura haikuonekana vizuri mpaka chombo Magellan kilipoizunguka, kuanzia 1990 hadi 1994, kikipapasa ardhi yake kwa rada, kama kipofu apapasaye uso wa mgeni. Kilikuta milima ya moto kwa maelfu. Mingine ni ya umbo ambalo sisi hatuna, mviringo na bapa, mipana kilomita 25 na mifupi, kama maandazi ya maji yaliyomiminwa kikaangoni. Lakini je, ilikuwa hai au mizimu? Watu walibishana miaka 30. Jibu lilikuwa limelala ghalani muda huo wote. Mtaalamu Robert Herrick wa chuo kikuu cha Alaska aliketi na picha za zamani za Magellan, akazilinganisha moja moja, kazi ya uvumilivu kama kuchambua mchele. Karibu na Maat Mons, mlima mrefu kuliko milima yote ya moto ya Zuhura, aliona tundu ambalo mwezi Februari 1991 lilikuwa na eneo la kilomita 2 za mraba na kidogo. Miezi minane baadaye tundu lile lile lilikuwa na kilomita 4 za mraba, na umbo lake limebadilika. Mlima ulikuwa umefanya kazi. Yeye na mwenzake Scott Hensley walitangaza habari hiyo Machi 2023.

Sasa tufikie ule ulimwengu unaoikataa kanuni ya ugali. Sayari kubwa kuliko zote ni Mshtarii, nayo ina miezi mingi. Mmoja wao huitwa Io. Upana wake ni kilomita 3,640, yaani ni mkubwa kidogo tu kuliko mwezi wetu. Tonge kama hilo lingepaswa kuwa limepoa zamani za kale. Hata hivyo mwanzoni mwa 1979 wataalamu watatu wa Marekani, Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds, walipiga hesabu zilizowashangaza wenyewe. Walisema Io haiachwi ipumzike. Mshtarii huivuta kwa nguvu upande mmoja, na miezi jirani, Europa na Ganymede, huizuia isizunguke kwa duara kamili. Kila Ganymede azungukapo mara moja, Europa huzunguka mara mbili, na Io mara nne. Kwa hiyo Io mara husogea karibu na Mshtarii, mara huenda mbali kidogo, na kila mara hubanwa na kuachiliwa. Waliofika Mombasa wameona bahari ikijaa na kupwa. Katika Io ni mawe yenyewe yanayojaa na kupwa, huenda kwa kimo cha mita 100. Kunja waya huku na huku mara nyingi, kisha uguse mahali ulipokunja: utaungua kidole. Kwa sababu hiyo, walisema wale watatu, Io lazima iwe imeyeyuka ndani.

Maandishi yao yalichapwa tarehe 2 Machi 1979. Siku tatu baadaye chombo Voyager 1 kikapita karibu na Io. Picha zilionyesha ulimwengu wenye rangi ya embe bivu, njano na nyekundu, wenye madoa meusi, bila kovu hata moja la vimondo. Hilo peke yake lilikuwa dalili, maana kila mwezi wa kale una makovu, isipokuwa kama kitu fulani kinaupaka upya. Tarehe 9 Machi mhandisi mwanamke, Linda Morabito, ambaye kazi yake ilikuwa kuongoza njia ya chombo, alikuwa akitazama picha iliyopigwa siku iliyotangulia, akitafuta nyota hafifu nyuma ya Io. Aliongeza mwanga wa picha. Pembeni mwa Io likatokea wingu lenye umbo la mwavuli. Alipoondoa kila sababu nyingine, ikabaki moja: ulikuwa moshi wa mlima unaolipuka saa ile ile. Wingu lilipanda kilomita 270 hivi. Ni kama umbali wa Goma na Bukavu mara karibu tatu, ila kwenda juu. Hapo ndipo binadamu alipoona kwa mara ya kwanza mlima wa moto unaofanya kazi nje ya dunia yetu.

Tangu hapo imehesabiwa zaidi ya milima 400 iliyo hai katika Io. Imepewa majina ya wale ambao mataifa ya kale waliwaita mabwana wa moto, radi na jua: Pele wa Hawaii, Loki wa watu wa kaskazini, Shango wa Wayoruba, na Ruwa, jina ambalo Wachaga wa Kilimanjaro humwitia Mungu, nalo limo.

Kwa mtu wa Goma, mahali pa kusimama kuliko pote ni Loki Patera. Wazee waliopanda Nyiragongo kabla ya 2021 hukumbuka ziwa la moto lililokuwa shimoni: gamba jeusi juu yake, nyufa nyekundu katikati, vipande vya gamba vikizama na vingine kuzaliwa. Ziwa lile lilikuwa na upana wa mita 200 na zaidi kidogo. Loki ina upana wa kilomita 200, na Ziwa Kivu lingeingia ndani yake mara saba. Gamba lake nalo huzama, likianza upande mmoja na kuzunguka ziwa zima kama moto wa nyika utembeao, kisha baada ya muda upatao mwaka mmoja na nusu huanza tena. Chombo Juno kilipita kilomita 1,500 tu kutoka Io tarehe 30 Desemba 2023 na tena tarehe 3 Februari 2024, kikaona uso wa ziwa hilo laini kama kioo. Na Desemba 2024 kiliona kusini mwa Io mlipuko uliowasha eneo la kilomita za mraba 100,000. Mkoa wote wa Kivu ya Kaskazini hauna eneo hilo.

Mtoto yule asingekaa Io hata dakika moja. Kule lava huchemka kando ya theluji ya kiberiti, na hakuna njia ya Sake ya kukimbilia.

Iko bado milima ya namna nyingine, inayotema baridi badala ya moto. Mwaka 1989 Voyager 2 iliona katika Triton, mwezi wa sayari Neptuni, moshi mweusi ukipanda kilomita 8 katika baridi ya nyuzi 235 chini ya sifuri. Na katika Enceladus, mwezi mdogo wa Zohali wenye upana wa kilomita 500, chombo Cassini kiligundua mwaka 2005 nyufa zinazorusha maji ya chumvi angani, yakiganda na kuwa unga mweupe. Chini ya barafu yake iko bahari, nayo hupashwa moto kwa kule kubanwa na kuachiliwa kama Io. Kama ningeruhusiwa kuchagua kituo kimoja cha kuchungulia, ningechagua hicho, kwa sababu ni kituo pekee katika safari hii ambapo joto na maji vimekutana tena kama kwetu.

Anayetaka kuona kwa macho yake mwenyewe mojawapo ya dunia hizi hana haja ya chombo. Mwezi Januari 1610 Galileo Galilei aliiona Io kwa darubini dhaifu kuliko nyingi zinazouzwa sasa madukani. Subiri majira ambapo Mshtarii huonekana usiku, nyota nyeupe isiyometameta, uegemeze darubini yako ukutani ili isitetemeke. Utaona nukta ndogo zimejipanga kwa mstari kando yake, mbili, tatu, au nne. Ile isiyokwenda mbali na Mshtarii kamwe ndiyo Io. Andika katika daftari iko upande gani. Huzunguka kwa saa 42 na nusu tu. Ukirudi usiku wa pili saa ile ile, utaikuta imehamia upande wa pili.